Je, Nimpe Mwenzangu Nambari ya Siri ya Simu Yangu?

Mpendwa msomaji, keti kidogo na mwenzako msome ukurasa huu pamoja, na simu zenu ziwekeni mezani, kioo kikiangalia juu. Ikiwa mmoja wenu ameshtuka kusikia hivyo, basi haya yanamhusu.

Katika semina za wanandoa kuna swali ambalo haliishi. Bibi mmoja husimama na kuuliza: "Tumefundishwa kwamba sisi ni mwili mmoja. Mbona simu ya huo mwili mmoja ina nambari ya siri?" Akina mama hupiga makofi, waume hutazama viatu vyao. Halafu bwana mmoja hujibu kwamba hata mtu aliyeoa ana haki ya kuwa na mambo yake, nao waume hupiga makofi. Watu hurudi nyumbani, kila upande ukiamini umeshinda. Mimi sioni aliyeshinda.

Tusidanganyane kwamba jambo hili lililetwa na simu. Ninyi mliooana kabla ya simu za mkono mnaukumbuka ufunguo wa sanduku la posta. Mara nyingi ulikaa mfukoni mwa bwana, na barua ya bibi kutoka kwa dada yake ilifika nyumbani imekwisha kufunguliwa. Hakuna aliyeuita upelelezi. Naye bibi, kabla ya kufua suruali, alipekua mifuko, na risiti moja ya hoteli iliweza kuwasha moto wa wiki nzima. Tofauti ya leo ni kwamba mfuko mmoja umebeba barua, picha na marafiki wote wa mtu tangu shule ya msingi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, hata pesa za nyumba zinakaa humo. Na tangu mikopo ya simu ilipoenea baada ya mwaka wa 2012, mtu anaweza kukopa akiwa kitandani, kando ya mwenzake, bila mwenzake kusikia hata sauti ya karatasi.

Kuna nyumba moja ninayoijua, na wenyewe wameniruhusu nieleze kisa chao bila kuwataja. Bwana alianza kwenda nje kupokea simu. Alilala nayo chini ya mto. Bibi akaamini kuna mwanamke, na nani angemlaumu? Usiku mmoja, bwana akiwa katika usingizi mzito, bibi alimshika kidole polepole, akakiweka juu ya simu, ikafunguka.

Hakukuta mwanamke. Alikuta deni juu ya deni, mkopo wa pili umechukuliwa kulipa wa kwanza, na wa tatu kulipa wa pili. Siku za kazi za bwana zilikuwa zimepunguzwa, naye aliona aibu kusema. Kisha bibi akaona jambo lililomkata maini. Pesa za karo alizomtumia bwana mwezi uliopita, akiba yake ya chama, zilikatwa kulipa deni mara tu zilipoingia. Mtoto alikuwa amekaa shuleni kwa huruma ya mwalimu mkuu.

Alimwamsha. "Baba watoto, amka. Heri ungekuwa na mwanamke."

Naye bwana, badala ya kuomba msamaha, aliuliza: "Umenishika kidole nikiwa nimelala?" Walikaa siku tisa bila kusemezana isipokuwa kupitia watoto.

Sasa, ndugu msomaji, kabla hujaendelea, mwulize mwenzako: ni nani aliyemkosea mwingine?

Katekisimu ya Kanisa, namba 2489, inafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Waume wengi wangelipenda fundisho hilo, ila wangesahau nusu yake: yuko pia mtu mwenye haki ya kuujua. Basi tusiulize kama wanandoa wanaruhusiwa kuwa na siri. Tuulize siri hiyo ni mali ya nani.

Bibi anayeongoza jumuiya ndogo ndogo huandikiwa na wanawake wenzake mambo ya machozi. Siri hizo si zake, na kuolewa hakumpi ruhusa ya kumsomea bwana wake. Bwana ambaye kaka yake amemweleza ugonjwa wake amekabidhiwa amana. Kuna pia mambo ya moyoni ambayo mtu hajapata maneno yake, mwache ayatafute. Lakini deni linalokula karo ya mtoto si siri ya mtu mmoja. Bibi atalilipa, mtoto atalilipa. Yule bwana alikuwa ameficha mali ya watu wengine, na aibu, ingawa namwonea huruma, haikumpa haki hiyo.

Na bibi je? Wengi wenu mtasema alifanya vyema, maana asingefanya hivyo nyumba ingezama. Huenda. Lakini yeye mwenyewe aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Bwana wake anasema alikuwa amepanga kumweleza Jumapili ile baada ya Misa. "Sitajua kamwe kama ni kweli," alisema. "Nilichukua ukweli kabla hajanipa, na sasa siwezi kujua kama angenipa." (Sisemi haya kwa nyumba yenye vitisho au kipigo. Huko tafuta usalama kwanza.)

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka wa 2016, akieleza utenzi wa Mtakatifu Paulo juu ya upendo, aliandika kwamba anayemwamini mwenzake halazimiki kumfuata hatua kwa hatua na kumtawala. Nakubali kabisa. Ila nasikia fundisho hilo likitumiwa na watu wenye laini mbili. Anayeaminiwa naye ana kazi: asimwachie mwenzake kufanya kazi yote ya kuamini peke yake. Ukijua kwamba kutoka kwako nje na simu kunamchoma, kaa ndani.

Kwa hiyo unaponiuliza kama umpe nambari yako ya siri, nasema mpe ukitaka, lakini usidhani umempa kitu kikubwa. Nimewaona waume wakiitoa kwa tabasamu huku simu ya pili iko kwa rafiki. Kilicho kigumu ni kumwambia jioni, bila kuulizwa: mama watoto, kuna deni. Au: baba, kuna mtu kazini anayenizoea kupita kiasi, nami sijamkataza.

Yule bwana na bibi sasa huketi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, watoto wakishalala, na daftari la kurasa 96. Bwana husoma ujumbe wa pesa kwa sauti, zilizoingia na zilizotoka, na bibi huandika. Kisha wanabadilishana. Kumaliza madeni kuliwachukua mwaka mmoja na miezi miwili. Nambari ya siri ya bwana bibi anaijua. Nilipomwuliza kama amewahi kuitumia, alifikiri kidogo, akasema ndiyo, mara moja, alikuwa akitafuta namba ya fundi wa mabati.