Nondo Mnywa Damu na Swali la Uovu

Mchana, nondo wa jenasi ya Calyptra akitulia kwenye tawi, macho huona jani kavu tu. Mabawa yake ya mbele ni ya kahawia, yamekatwa mshazari na mstari mweusi ufananao na uti wa jani, na ukingo wake wa nyuma umechongoka. Wengi wa jamaa hawa wanapatikana Afrika na Asia, na mmoja wao, Calyptra thalictri, amefika hadi Siberia. Viwavi wao hula majani. Wakishaota mabawa hutoboa matunda na kunywa maji yake.

Wengine hunywa damu.

Mtaalamu wa wadudu Hans Bänziger alilithibitisha hilo kwa Calyptra eustrigata huko Malaysia, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1968. Mrija wa nondo huyu una nusu mbili. Moja ikisukumwa ndani, nyingine hurudi nyuma, na vijino vya nchani huing'ang'ania ngozi ya mnyama, kama nyati, mpaka damu ipatikane. Wanaofanya hivyo ni madume peke yao. Majike hubaki na matunda.

Je, Muumba mwema aliukusudia mrija huo? Tarehe 22 Mei 1860 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani na Mkristo wa dhati, kwamba hawezi kuamini Mungu mwenye huruma aliumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi wangali hai. Karne kumi kabla yake, al-Jahiz wa Basra, katika Kitab al-Hayawan, alishikilia kwamba ustawi wa dunia umo katika mchanganyiko wa heri na shari: shari ikitoweka, mtihani hutoweka, na fikra nazo hukosa kazi.

Calyptra anawabana wote wawili. Hakupewa silaha mpya kwa ajili ya ngozi. Chombo chake ni kile kile cha kutobolea tunda. Wala hana chuki na nyati anayemfyonza. Kwa hiyo hatia haimgusi, na hapo watetezi wengi wa dini huona kesi imekwisha. Haijakwisha. Hatia ni swali moja, maumivu ni jingine, na ngozi ya nyati huuma hata kama hakuna wa kulaumiwa. Hoja ya mtihani inamfaa binadamu anayeweza kutafakari. Nyati anafundishwa nini?

Katika barua ile ile Darwin alielekea kuona kwamba sheria za maumbile huenda zimekusudiwa, huku mambo madogo madogo yakiachiwa bahati. Maelezo hayo yanamfaa nondo huyu: sheria ilimpa mrija wa kutobolea, mazingira yakamkutanisha na nyama. Lakini aliyeweka sheria akijua itakavyofika kwenye mgongo wa nyati, hawezi kuondolewa katika swali kwa kuitaja bahati. Waumini wanaomheshimu Mungu wana haki ya kumuuliza hilo waziwazi, kama Ayubu alivyouliza juu ya mateso yake.