Zitoe Hereni Kwenye Kopo

Mdogo wangu wa Ngulyati, hereni ulizozifungia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati zimekaa vya kutosha. Umezitunga usiku kwa taa ya sola, jirani amezisifu, shangazi ameomba jozi moja akapewa bure. Na lipo lile duka la vipodozi kando ya barabara, ambalo kinamama huingia kununua mafuta na nywele za kusukia. Unalipita kila siku ya gulio ukichungulia kaunta yake ya kioo. Safari hii ingia.

Najua kinachokuzuia. Unawaza kwamba hakuna atakayetoa hela kwa kitu kilichotungwa hapa hapa kijijini, ilhali cheni za Kariakoo zinameremeta pembeni. Basi kumbuka tunaishi wapi. Pamba yetu inaondoka ikiwa marobota. Kwa jirani zetu Mwadui, mwaka 1947, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, mwenye mgodi, John Williamson, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya harusi. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaizungushia petali za almasi, ikawa pambo la kifuani lenye umbo la ua. Ardhi ilikuwa ya kwetu, mikono iliyoipa sura ilikuwa ya wengine. Wewe unaanza na uzi na shanga na unamaliza na kitu cha kuvaliwa, bila kuondoka Ngulyati. Usikibebe kama mtu anayeomba msaada.

Nenda asubuhi, siku isiyo ya gulio, mwenye duka akiwa bado anafuta vumbi. Mwamkie vizuri, “Mwangaluka, mayu,” kisha tandika kipande cha kitambaa cheusi juu ya kaunta na upange vitu vyako. Peleka 12 tu, vile vilivyokaa sawa kuliko vyote. Ukimwaga 60 kwa mpigo, hata kile kizuri hakionekani.

Atakuuliza bei. Hapa ndipo wengi wetu tunapoinamisha macho na kusema, “Wewe nipe tu chochote.” Neno hilo limewala mafundi wengi kuliko ukame. Piga hesabu ukiwa nyumbani. Tuseme shanga na uzi wa kidani kimoja vimekula shilingi 1,200, kifungio 300, nauli ya kufuata bidhaa Bariadi ukiigawa inaangukia 500, na saa mbili za kazi yako umezipa 2,000. Hiyo ni 4,000. Itaje ukimtazama usoni, halafu nyamaza. Yeye naye ataongeza chake, pengine auze 5,500 au 6,000, na ni haki yake, kwa sababu kodi ya pango na siku nzima ya kukaa pale ni vyake. Ila kuanzia hapo usisimame kwenye gulio ukauza kidani kile kile kwa 4,000. Utakuwa umemchimbia kaburi mtu aliyekufungulia mlango.

Huenda akasema hana fedha taslimu, uache mzigo kwa mali kauli. Kubali, mwanzo wengi tumeanzia hapo, lakini kauli hiyo iandikwe. Kaunta buku moja, mistari michache: vitu vingapi, kila kimoja bei gani, umeviacha tarehe ngapi, utarudi lini. Asaini, nawe usaini. Hata akiwa mama yako mdogo, andikeni. Undugu unadumu zaidi pale daftari linapokumbuka badala ya watu. Ukirudi, chukua fedha ya vilivyouzwa, ondoa vilivyolala, weka vipya.

Na uulize kilichotoka. Mwaka 1871 msafiri Henry Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kwenda bara, aliambiwa na wafanyabiashara wazoefu kwamba shanga nyeusi ni fedha halali Ugogo lakini kwingine zinakataliwa, na kwamba kila nchi ina rangi yake. Babu zetu Wasukuma na Wanyamwezi waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi waliijua hesabu hiyo mapema. Ngulyati nayo ina rangi zake. Kama zile nyekundu zimeisha na kijani zimebaki, umeshaambiwa.

Jambo moja nakuomba usilifanyie mzaha. Shaba iite shaba. Eneo letu lina watu wanaojua dhahabu kwa macho na kwa uzito. Wanajua kwamba ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24. Ukiwadanganya mara moja, duka zima limedanganya. Na ndoano za hereni usinunue zile za bei chee kuliko zote. Nyingi zina nikeli, na nikeli, hiyo hiyo iliyolala chini ya ardhi ya Dutwa, huwasha masikio ya watu wengi. Mteja aliyevimba sikio hatarudi, na atasimulia kisimani.

Msimu nao uutazame. Kuanzia Mei pamba inapouzwa, hela inaingia mifukoni, harusi zinapangwa, na makundi ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanaanza kushindana kwa ngoma. Wachezaji wanataka shanga za shingoni na kiunoni, na mashabiki wao wanataka kupendeza kama wao. Ukisubiri mpaka Mei ndipo uanze kuongea na mwenye duka, utakuta kaunta imejaa mali ya watu wengine.

Kwa hiyo fungua kopo usiku huu. Chagua 12, andika bei zake, tia na kioo kidogo mfukoni, maana mwanamke akijiona na hereni masikioni huwa vigumu kuzivua. Kesho asubuhi lile duka linafunguliwa. Uwe wa kwanza kubisha hodi.