Mungu wa Timu Mbili

Kabla ya mechi za shule na vyuo huko Baraka, kama kote mashariki ya Kongo, wachezaji huomba. Mkristo hufumba macho, Mwislamu hufungua viganja. Upande wa pili wa uwanja, wapinzani nao wanamwomba Mungu yuleyule. Wote hawawezi kushinda. Sasa wanaomba nini hasa?

Katika mji huu swali hilo si la mchezo. Kuanzia Oktoba 2005 wakimbizi walirudishwa hapa kwa meli kutoka Kigoma. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ikafunguliwa jirani kwa Warundi waliokimbia kwao. Vijana wanaovaa jezi moja wanaweza kuwa wamekulia nchi tofauti, na kusikia nyumbani habari tofauti za vita. Kuaminiana kwao hakujileti. Timu yenye hofu ndani yake hutafuta kinga popote: kwa mchungaji, kwa shehe, kwa mganga.

Eneo la Fizi, uliko mji huu, linaijua kinga ya namna hiyo. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika, akakaa miezi saba hivi katika milima hii pamoja na waasi wa Laurent-Désiré Kabila. Aliandika juu ya dawa waliyopewa wapiganaji ili risasi zisiwadhuru. Ilikuwa na masharti: usichukue kisicho chako, usimguse mwanamke, usiogope. Aliyeuawa, basi, alikuwa amevunja sharti. Masharti yenyewe yalikuwa na adabu ndani yake, na hilo lisidharauliwe. Ubaya ulikuwa kwenye hesabu ya mwisho: dawa haikosei kamwe, kwa hiyo maiti ndiye mkosaji, na aliyebaki hai anamtazama jirani yake kwa shaka.

Dua pia inaweza kugeuzwa hivyo. Timu ikiamini kwamba Mungu ameahidi ushindi, siku ya kufungwa itamsaka mwenye dhambi.

Msako huo unaweza kuzuka hata pasipo dawa wala dua. Machi 1974 Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, ilitwaa Kombe la Afrika nchini Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9. Miezi mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia, timu hiyohiyo ilifungwa 9–0 na Yugoslavia. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba walikuwa wamesikia hawatalipwa posho zao. Kocha wao, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, akashukiwa. Baada ya bao la tatu kipa Kazadi alitolewa. Mabao sita yakafuata. Ndaye mwenyewe alionyeshwa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake. Vipaji havikuyeyuka ndani ya miezi mitatu. Imani ya mtu kwa mtu ndiyo iliyovunjika.

Albert Camus, aliyedaka katika timu ya vijana ya Racing Universitaire d'Alger hadi kifua kikuu kilipomtoa uwanjani, hakuwa mtu wa dini. Hata hivyo alisema kwamba mengi aliyoyajua kwa hakika kuhusu maadili na wajibu aliyapata kwenye mpira. Inafaa kukumbuka kwamba alikuwa kipa, yule anayetupiwa lawama kwanza. Kwa hiyo dua inayojenga timu ni ile inayoweza kuombwa tena baada ya kufungwa, kwa maneno yaleyale, pasipo mtu kutafutwa. Kocha wa chuo anayetaka kushinda aanze na kikao cha baada ya mechi, dua hiyo inapoombwa tena, kabla ya mbinu zozote.

Kosa la kweli nalo linaweza kushughulikiwa bila msako. Klabu ya TP Mazembe ilianzishwa 1939 na watawa wa Kibenedikto waliokuwa wakiendesha shule mjini Lubumbashi. Mwaka 2010 nyota wake, Trésor Mputu, alifungiwa na FIFA kwa miezi 12 baada ya kumvamia mwamuzi. Kosa lilionwa na wote, na ukomo wa adhabu ukajulikana. Bila yeye Mazembe iliwafunga Pachuca na Internacional, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ililala 3–0 kwa Inter Milan. Mputu alipomaliza adhabu, alirudi kuichezea.