Mtandao Ushike Pale Ulipo

Wajukuu zangu mliopanga vyumba Karatu mjini, nanyi mnaosoma Chuo Kikuu Huria kwa simu huko Rhotia na Endulen, nasikia mnabishana mtandao upi ni bora Tanzania. Ubishi huo hauna mwisho. Ulizeni upi unashika hapo mnapolala, saa mbili usiku, mvua ikinyesha.

Nchi yetu hii ni ya milima na mabonde. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sakafu yake iko mita 600 chini zaidi. Mawimbi ya simu hayazunguki kilima kirahisi. Laini inayoruka sokoni Karatu inakufa ukishuka bondeni, na jirani wa ng'ambo ya kilima anaisifu laini ambayo kwako haifungui hata ujumbe.

Basi msinunue ruta wala kusaini mkataba kabla ya kujaribu. Azimeni laini za wenzenu: Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, na Yas, ile Tigo ya zamani. Washeni hotispoti humo humo chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Paa la bati linazuia mawimbi. Isogezeni simu kwenye dirisha linalotazama mnara, mtaona tofauti. Pakueni kitini kimoja, kisha ingieni darasa la video, ambalo kwa saa moja huweza kula karibu GB 1. Vistari vinne juu ya kioo visiwadanganye. Mnara waweza kuwa jirani na bado mkabanana, hasa jioni kila mtu akiwa hewani.

Faiba ikiwa imefika mtaani kwenu na mko watatu au wanne nyumba moja, changeni. Ila mwulizeni fundi mambo ambayo tangazo halisemi: kufunga ni bei gani, kifaa ni cha nani mkihama, na hiyo "bila kikomo" inapunguzwa kasi baada ya GB ngapi. Mbps 10 anazozitaja ni kama MB 1.25 kwa sekunde, nazo mtagawana. Umeme ukikatika, ruta nayo inazima.

Bando la usiku ni nafuu, sikatai, lakini kijana anayesinzia darasani sijui ameokoa nini.

Kampuni si ukoo. Tangu 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako ile ile, kwa hiyo wakikusumbua, hama.

Wa Endulen na Nainokanoka, wekeni laini za mitandao miwili tofauti, na vitini pakueni mapema. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku hizo hata mwenye faiba alikuwa kama ninyi. Mtihani wa mtandaoni ukikaribia, panda gari uje Karatu siku moja kabla, ulale kwa shangazi yako.