Mashine Ikishaona, Daktari Abaki na Nini?

Mgonjwa wa kisukari anakaa mbele ya kamera, anaweka kidevu kwenye kishikio, anaegemeza paji la uso kwenye mkanda na kuambiwa asipepese. Mwanga unamulika jicho la kulia, kisha la kushoto. Kabla hajamaliza kufuta machozi, programu ya kompyuta imeshatoa jibu: retina imeanza kuharibiwa na kisukari, au bado iko salama. Chumbani hamna daktari wa macho. Aliyepiga picha ni muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo kwa muda mfupi.

Mambo haya yameshafika. Mwezi Aprili 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mfumo ulioitwa wakati huo IDx-DR, wa kwanza kuruhusiwa kutoa uamuzi wa aina hii bila daktari kuipitia picha. Nchini Rwanda, utafiti katika kliniki za kisukari ulilinganisha wagonjwa waliopewa jibu la mashine papo hapo na wale waliongoja siku kadhaa picha zao zisomwe na binadamu. Miongoni mwa waliopewa rufaa ya kwenda kwa daktari wa macho, waliojibiwa palepale walifika kwa wingi zaidi: karibu 52 katika kila 100, dhidi ya 40 wa kundi la pili.

Sasa, ikiwa kuchungulia ndani ya jicho ndiko kulikompa daktari wa macho jina na heshima yake, na kazi hiyo leo inafanywa na kamera, udaktari wa macho ni kitu gani hasa? Swali linaonekana la kiufundi, lakini ni la zamani, na mzizi wake uko kwenye falsafa na dini. Kuona ni nini? Na kumwona mtu ni nini?

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Cairo miaka elfu moja iliyopita, alilishughulikia swali la kwanza katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir. Kabla yake, wanazuoni wa Kigiriki Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Yeye akaonyesha kwamba mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Lakini hakuishia hapo. Alisema mwanga kuingia hakutoshi. Kuona hukamilika pale akili inapopambanua, inapolinganisha na yale inayoyajua, na kutoa hukumu.

Kwa kipimo hicho, mashine imekwenda mbali. Mwaka 2018 watafiti wa Google walieleza kwamba programu yao, kwa kutazama picha ya retina peke yake, iliweza kukadiria umri wa mtu, kutambua kama ni mwanamume au mwanamke, na hata kubashiri hatari ya maradhi ya moyo. Daktari bingwa akipewa picha ileile hawezi kusema ni ya mke au mume. Wahenga waliposema macho hayana pazia walimaanisha kwamba jicho halizuiliki kutazama. Leo jicho lenyewe ndilo lililoondolewa pazia.

Hata hivyo, hukumu ya mashine inahusu jicho, na vitabu vya dini vinamtaja kipofu kwa namna nyingine kabisa. Katika Injili ya Marko, Bartimayo anapaza sauti kando ya njia ya Yeriko. Yesu anamwita, kisha anamuuliza anataka afanyiwe nini. Kila aliyekuwapo alijua jibu, na bado aliulizwa, akajibu kwa kinywa chake. Katika Qur'ani, mwanzo wa sura ya Abasa unahusu kipofu, Ibn Umm Maktum, aliyekuja kutaka mafunzo wakati Mtume alipokuwa katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi. Aya zikafundisha kwamba aliyekuja kwa hamu yake mwenyewe ndiye wa kuelekezewa uso. Katika visa vyote viwili mtu yuko mbele, na macho yake yanafuata.

Hapa ndipo kazi ya daktari wa macho wa leo inapohamia, na anayetaka ushahidi autazame ugonjwa wa presha ya macho. Ugonjwa huu huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, ukianzia pembezoni, mara nyingi bila maumivu. Mtu hugongana na watu sokoni, hujikwaa kwenye kizingiti cha mlango alioupita maisha yake yote, akadhani ni uzee. Akifika hospitali, sehemu iliyokufa hairudi. Dawa hulinda kilichosalia tu. Daktari anapaswa kumwambia mtu mzima, mara nyingi mwenye wajukuu: mama, hutaona vizuri zaidi ya hapa, na bado nakuomba utie matone haya kila siku mpaka mwisho wa maisha yako. Hakuna mashine iliyowahi kusema maneno hayo na kisha kungoja kimya mpaka mgonjwa ainue kichwa.

Halafu kuna nauli. Kuna chupa ya dawa inayokwisha kabla ya mazao kuuzwa. Kuna mkono wenye baridi yabisi usioweza kulenga tone. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, madaktari walilinganisha matone ya timololi na miale ya leza, ambayo haimdai mgonjwa kukumbuka dawa kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, yakihusu wagonjwa 201: baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifanikiwa kwa macho 61 katika kila 100 upande wa leza, na 31 upande wa matone. Anayetazama jicho pekee hawezi kulifikia swali la utafiti kama huo. Linahitaji mtu anayejua mgonjwa anaishi wapi na anaamkaje.

Wapo madaktari wanaohofu kwamba kazi yao inamegwa vipande na kugawiwa wengine. Hofu hiyo inaeleweka, ila historia haiiungi mkono. Kenya imekuwa na matabibu wasio madaktari bingwa wanaofanya upasuaji wa mtoto wa jicho kwa miongo kadhaa, na maelfu ya wazee wanaona kwa sababu yao. Huko Madurai, India, Dk. Govindappa Venkataswamy alistaafu kazi ya serikali akiwa na miaka 58, na mwaka 1976 akaanzisha hospitali ya Aravind kwa vitanda 11. Vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na ugonjwa wa viungo, naye alivizoeza upya kushika kisu cha upasuaji. Akiwa mfuasi wa Sri Aurobindo, mwalimu wa kiroho wa Kihindi, aliiona kazi hiyo kuwa ibada. Aliwafundisha wasichana wa vijijini kupima, kuandaa na kuuguza, ili daktari abaki na upasuaji wenyewe. Wanaoweza kulipa wakawabeba wasioweza. Mtu aliyerudishiwa macho katika mpangilio ule hakupungukiwa utu hata kidogo.

Mfano ulio karibu zaidi unatoka Trans Nzoia, Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walimu wa shule 50 walipima macho ya wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule, walimu walitumia programu ya Peek kwenye simu: mtoto huonyesha kwa mkono herufi E imeelekea wapi. Mzazi wa mtoto mwenye tatizo alitumiwa ujumbe wa kumkumbusha, na nyumbani ikapelekwa picha iliyotiwa ukungu, ikionyesha jinsi mwanawe anavyouona ulimwengu. Waliofika hospitali walikuwa asilimia 54, dhidi ya 22 katika shule zilizotumia utaratibu wa kawaida. Picha ile inagusa moyo. Baba aliyekuwa akimgombeza mtoto kwa uvivu wa kusoma anashika karatasi na kuona, kwa mara ya kwanza, ubao ambao mwanawe amekuwa akiutazama. Simu ilisaidia kazi ambayo manabii na wanafalsafa wameihimiza siku zote: kumfanya mtu aone kwa macho ya mwenzake.

Kilicho kibaya ni mashine kuwekwa mahali pa daktari asiyekuwapo, kisha watu wakaambiwa wamehudumiwa. Google ilipoipeleka programu yake ya kutambua madhara ya kisukari kwenye retina katika kliniki za Thailand, zaidi ya moja ya tano ya picha zilikataliwa na mfumo, mara nyingi kwa sababu ya mwanga mbaya wa chumba. Mgonjwa alilazimika kwenda kwa mtaalamu siku nyingine, pengine akiwa hana tatizo lolote. Kamera haikujua kwamba amepoteza siku ya kibarua.

Na mashine ikikosea? Kampuni iliyotengeneza IDx-DR, iliyoanzishwa na daktari wa macho Michael Abràmoff, imekubali kubeba lawama ya kisheria kwa makosa ya mfumo wake. Ni hatua ya uungwana. Lakini fidia inahusu sheria, na dhamana ya tabibu ni pana kuliko sheria. Mgonjwa anakabidhi amana kwa mtu anayeweza kuulizwa, anayeweza kuona haya, anayeweza kuomba radhi.

Kwa hiyo, msomaji mwenye kisukari, nenda ukapimwe retina kila mwaka hata kama huoni tatizo lolote. Na wewe ambaye mzazi au ndugu yako ana presha ya macho, usingoje dalili. Ukipimwa na kamera, usiikatae. Ila ukishapewa karatasi ya majibu, uliza jina la daktari atakayekuelezea, na siku utakayokutana naye.