Uzi Mmoja Ukinyamaza

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, lakini sauti za nyuzi hizo hupita njia moja. Zinatoka kwenye pikapu, zinapita kwenye kizungushio cha sauti, zinafika kwenye tundu la jeki, kisha kebo inazipeleka kwenye amplifaya. Hitilafu iliyoko kwenye njia ya zote haiwezi kuubagua uzi mmoja. Kebo ikilegea, nyuzi zote zitakwaruza. Betri ikichoka, kwa yale magitaa yanayotumia betri, zote zitapungua nguvu. Kwa hiyo ukisikia tatu zinanguruma na moja inanong'ona, sababu itafute mahali ambapo uzi huo uko peke yake: kwenye uzi wenyewe, juu ya sumaku zake, kwenye daraja lake, kwenye mkato wake kule kichwani. Mtu aliyeshika hili moyoni hataharakisha kufungua gitaa lake. Kijana ninayemsimulia hapa hakuwa amelishika, na wala hakukuwa na mtu wa kumwambia kwa wakati.

Anakaa Mchikichini, Dar es Salaam, upande ule wa kuteremkia bonde la Msimbazi. Jumapili anapiga besi kwenye kwaya, Jumamosi anakodiwa na bendi ya harusi. Gitaa lake alilinunua mkononi kwa mtu, la muundo wa Precision, ule ambao Leo Fender aliutoa Marekani mwaka 1951 na kuubadilishia pikapu mwaka 1957. Tangu mabadiliko hayo pikapu yake imekatwa vipande viwili vilivyopishana: kimoja kinasikiliza nyuzi nene za E na A, cha pili kinasikiliza D na G. Kila uzi una vichwa viwili vya sumaku, na unatakiwa ulale katikati yake. Vipande hivyo vimeungwa kwa mfuatano, umeme wa kimoja ukipitia kwa mwenzake kabla ya kutoka nje. Mambo haya yashike, kwa sababu ndiyo yaliyomponza.

Shida ilianza kwa uzi wa G, ule mwembamba. Ulikuwa unasikika kwa mbali. Kwenye muziki wa taratibu mtu asingegundua, lakini harusini ikifika saa ya kuchemka, besi inaruka kutoka chini kwenda juu na kurudi, na kila alipogusa G ilikuwa kama kuna shimo. Mpiga solo akamgeukia. Mwalimu wa kwaya naye akamwuliza Jumapili kama ameanza kupiga kwa woga. Kuna jambo jingine alilolalamikia wakati huohuo bila kuliunganisha na hili: uzi wa G ulikuwa unamtelezea vidoleni, unachomoka nje ya ukingo wa shingo akiuvuta kidogo. Alidhani ni jasho.

Akafanya kile ambacho wengi tungefanya tukiwa na harusi inayosubiri. Alinunua nyuzi mpya Kariakoo, G ikabaki vilevile. Akaongeza sauti kwenye amplifaya, na nyuzi tatu zikawaziba watu masikio huku G ikibaki nyuma. Hapo akakata shauri: pikapu imekufa. Akalibeba gitaa kwa fundi wa redio na simu, mtu mwenye mikono mizuri na wateja wengi, lakini ambaye hakuwa amewahi kuifungua pikapu ya gitaa.

Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa. "Dogo, hii sumaku imechoka. Wacha nifungue nione."

"Fanya tu, kaka, Jumamosi nina kazi."

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Ndani ya kile kifuniko cheusi cha plastiki hamna mengi. Kuna sumaku, na kuzunguka sumaku kuna waya wa shaba uliopakwa vanishi, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unayumbisha nguvu ya sumaku, na myumbo huo unazaa umeme mdogo ndani ya ule waya. Ndiyo kazi yake yote, na haina kitu kinachochakaa kwa kupigwa. Sumaku hazichoki kwa miaka kumi wala ishirini zikiwa zimetulia mahali pake. Kinachoua pikapu ni unyevu unaokula ule waya, na hapa Dar es Salaam chumvi na joto vinasaidia. Au ni chuma chenye ncha mkononi mwa mtu mwenye haraka. Waya ule una unene wa takriban sehemu 6 za mia za milimita, mwembamba kama unywele. Ukiguswa na bisibisi haupindi, unakatika.

Bisibisi iliteleza. Kifuniko kilikuwa kimeshikwa na gundi ya zamani, fundi akatia nguvu kwenye kona, ncha ikapita juu ya waya wa kipande cha D na G. Alipounga tena na kupiga, gitaa zima likawa kimya. Si ajabu: vipande viko kwenye mfuatano, na mfuatano ukikatika popote hakuna kinachopita. Fundi naye akafanya akili ya fundi wa redio, akaunganisha waya wa kuingia na wa kutoka ili akiruke kile kipande kilichokatika. Nyuzi za E na A zikarudi kwa kishindo. D na G zikapotea kabisa. Akasema hicho ndicho kilichowezekana, na kijana akalipa.

Angalieni tofauti. Aliingia dukani na uzi mmoja dhaifu, akatoka na nyuzi mbili zilizokufa. Uzi mmoja ni jambo la mahali pake. Nyuzi mbili jirani kwa pamoja, kwenye gitaa la muundo ule, ni jambo la kipande cha pikapu. Gitaa lilikuwa linajieleza waziwazi, kwanza kwa ugonjwa mdogo, halafu kwa mkubwa.

Jumamosi akapiga harusi nzima kwa nyuzi mbili. Alipandisha mkono mpaka juu kabisa ya shingo kutafuta kwenye A zile noti alizozoea kuzipata kwenye G. Mtu aliyewahi kujaribu anajua: mkono unachelewa, na besi ikichelewa ngoma inayumba, na ngoma ikiyumba waimbaji hawajui pa kuingilia. Kiongozi wa bendi hakumfokea. Alimlipa nusu, akamwambia wiki inayofuata apumzike.

Ni mama mmoja wa kwaya aliyempeleka kwa mzee anayekaa Ilala, aliyepiga besi kwenye bendi za dansi ujanani. Kizazi cha mzee huyo kilikulia mahali ambapo ala haikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilichukuliwa mwaka 1983 na shirika la DDC, lililokuwa na ukumbi pale Kariakoo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na gitaa lilikuwa la mwajiri. Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo ya themanini ya uhaba wa fedha za kigeni, ambapo seti ya nyuzi ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa miezi. Ukiharibu, hakuna cha kubadilisha. Watu wakajifunza kuangalia sana kabla ya kugusa. Naamini kabisa kwamba nidhamu ile ina thamani kubwa zaidi leo, ambapo kijana anabeba hasara yote mfukoni mwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete hilo gitaa. Kebo iache kwenye mfuko."

Mzee alilipakata pajani, akatega sikio kwenye pembe ya mbao, akapiga nyuzi zote nne bila umeme. Zote zilitoka sawasawa, G ikiwa na sauti safi ya uzi mpya. Kwa hapo peke yake alishajua kwamba uzi ni mzima, mkato wa kichwani hauubani na daraja linaushika vizuri. Angesikia G imedumaa hata bila umeme, pikapu isingehusika kabisa.

Kisha akaligeuza gitaa, akalitazama kutoka kitakoni kuelekea kichwani kama mtu anayepima ubao. Akamwita kijana naye atazame. Shingo ilikuwa imekwenda upande kidogo. E ilikuwa mbali na ukingo wake, G ilikuwa karibu imwagike nje. Na kule kwenye pikapu, G haikulala katikati ya vichwa vyake viwili vya sumaku. Ilikuwa imesogea kuelekea kichwa cha pembeni.

"Hili limegongwa wapi?"

Kijana akakumbuka. Analibeba mgongoni kwenye mfuko wa kitambaa, anapanda nalo bodaboda, na siku moja kichwa cha gitaa kiligonga nguzo wakikata kona kuingia barabara ya Uhuru. Shingo za magitaa haya zimefungwa kwa skrubu nne. Pigo dogo linatosha kuisogeza shingo ndani ya mfuko wake bila kuvunja kitu.

Mzee akaendelea. Akabonyeza uzi wa G kwenye freti ya mwisho, akapima nafasi iliyobaki kati ya uzi na sumaku. Kwa besi ya aina ile nafasi nzuri ni kama milimita 3 upande wa E na 2 na nusu upande wa G. Hapa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Sponji iliyo chini ya kipande cha D na G ilikuwa imelala na kuwa kama karatasi, kwa hiyo hata skrubu zikilegezwa kipande hakinyanyuki. Uzi uko pembeni, sumaku iko mbali. Hizo ndizo sababu mbili za unyonge wa G, na zote zinatibika kwa bisibisi na kipande cha sponji ya godoro, bila kuchoma risasi hata tone. (Wala usidhani ukikaribisha zaidi utapata zaidi. Sumaku ikiwa karibu mno inauvuta uzi, noti inapoteza ukweli wake na kufa mapema.)

Ndipo akaomba mita. Aliipima pikapu kwenye jeki, sauti ikiwa imefunguliwa yote. Pikapu nzima ya aina ile husoma karibu omu 10,000 hadi 12,000. Hii ilisoma kama 5,000. Nusu haipo. Mzee hakusema neno baya juu ya yule fundi. Aliuliza tu kama kipande kilipimwa kabla ya kufunguliwa. Hakikupimwa. Kipimo cha dakika moja, na mita ilikuwa palepale mezani kwa fundi, kingeonyesha kwamba pikapu ni nzima.

Waliangalia kama kipande kinaweza kusukwa upya. Kwenye mtaa wa Gerezani wapo mafundi wanaosuka mota kwa ustadi mkubwa, na mmoja alikipokea, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakirudisha. Waya mwembamba namna ile hana, na mashine yake ingeukata kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha. Heshima yangu kwake ni kubwa kwa kusema hapana. Ikabidi ianze kutafutwa pikapu nyingine, na kijana alikaa bila kazi za harusi mpaka ilipopatikana, kwa bei iliyomlazimu kukopa.

Pikapu ilipokuja, mzee alimwacha aiunge mwenyewe bila kugusa kitu kingine. Nyuzi nne zikalia. Na G ikawa dhaifu, vilevile kama siku ya kwanza. Kijana alimtazama mzee kwa uso wa mtu anayetaka kulia. Fedha yote ile, na ugonjwa uko palepale.

"Sasa legeza nyuzi kidogo. Skrubu za shingo, nusu mzunguko tu. Sukuma shingo iende kule. Kaza."

Kulisikika mlio mfupi wa mbao. Walipokaza nyuzi na kuzipatanisha sauti, G ilikuwa imelala kati ya vichwa vyake. Wakaweka sponji mpya, wakanyanyua kipande mpaka kikafika kwenye kipimo, wakashusha kidogo upande wa E uliokuwa unawazidi wenzake. Kijana akapiga skeli kwenda na kurudi, na hakukuwa na shimo tena. Pikapu ya zamani ingefanya hivyohivyo.

Jumapili iliyofuata, kanisani, E ndiyo iliyoanza kufifia. Alikuwa amesimama mahali pake, karibu na ukuta wa nyuma. Mkono ukamwendea mfukoni kwenye bisibisi, kisha akauacha. Alimwomba mwenzake apige E wazi, yeye akatembea kuelekea katikati ya ukumbi huku anasikiliza, na hatua chache mbele sauti ikarudi nzito kama kawaida. E wazi inatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Likigonga ukuta na kurudi, kuna mahali linajifuta lenyewe. Akarudi, akahamisha amplifaya kutoka pale ilipokuwa, akasimama upande wa pili wa kinanda, ibada ikaanza.