Mshahara wa Mama Yake Musa

Tafakari ya juma la pili la Majilio. Somo: Kutoka 2:1–10



Mstari wa tisa wa somo hili nimeuruka miaka yote ya utumishi wangu. Nimehubiri kisafina, nimehubiri kilio cha mtoto, nimehubiri hata mamba wa Mto Nile, ambao sura hii haiwataji lakini sisi wahubiri hatuwezi kuwaacha. Mshahara sikuwahi kuugusa. Nao upo pale pale: binti Farao anamwagiza mwanamke wa Kiebrania amchukue mtoto, amnyonyeshe kwa niaba yake, naye atamlipa. Mama analipwa ujira kwa kumnyonyesha mwana wa tumbo lake mwenyewe.

Mwezi uliopita mstari huo ulinirudia nikiwa jikoni kwa dada mmoja wa usharika wetu wa Kiswahili hapa karibu na London, kompyuta imefunguliwa mezani katikati ya vikombe vya chai. Mama yake amevuka miaka themanini. Alikuja nchi hii akiwa binti, akauguza watu wa hapa mpaka akastaafu, na sasa ugonjwa wa kusahau unampokonya kimoja baada ya kingine. Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Lugha aliyoandikia ripoti za wodini miaka nenda rudi haimo tena. Amebaki na Kiswahili, na usiku mwingine hata hicho kinamtupa mkono, anarudi kwenye Kipare cha utotoni.

Wakala waliyekuwa naye alileta sura mpya karibu kila juma, tena kwa nusu saa. Hebu fikiri: unaamka, mtu usiyemjua yumo chumbani anakuvua nguo, na anasema maneno usiyoyaelewa. Mama akaanza kupiga watu. Kwenye daftari la huduma wakaandika kwamba ni mkali. Mama huyu! Sisi tunaomjua tangu enzi za kuandaa chai ya ushirika tulisoma neno lile tukanyamaza.

Ndipo binti yake akaamua kutafuta mwenyewe mtandaoni. Zipo huduma ambako wahudumu waliojiajiri huweka picha zao, lugha wanazozijua, kazi walizowahi kufanya na bei yao kwa saa. Familia inachagua, inaongea nao, inapatana. Kwenye nafasi ya lugha aliandika Kiswahili. Yakatokea majina manne.

“Mchungaji, tuombe kabla sijabonyeza,” akaniambia.

Tukaomba. Kisha nikamwambia asibonyeze bado.

Rudini kwenye somo. Dada yake mtoto amejitenga kando ya mto, anatazama. Sura hii haimtaji jina, ila wengi wetu tunamjua kama Miriamu. Binti Farao anapomfungua mtoto, msichana anajitokeza na swali moja: nikakutafutie mnyonyeshaji? Anatumwa, anakimbia, anarudi na mama. Baada ya hapo hatumsikii tena katika kisa hiki. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha mwenye haja na mwenye maziwa.

Huduma nyingi za mtandaoni ni Miriamu. Zinakutanisha, zinachukua ada, na zinakaa kando. Hili watu wetu hawalielewi, wanadhani wameajiri kampuni. Hapa England wakala anayetuma wafanyakazi wake kumwogesha na kumvisha mgonjwa lazima awe amesajiliwa na CQC, ile tume inayokagua huduma, na ripoti yake ya ukaguzi unaweza kuisoma bure. Lakini huduma inayokutambulisha tu na kukuacha haikaguliwi kwa namna hiyo, wala mhudumu mmoja uliyepatana naye wewe mwenyewe. Hakuna bwana mkubwa wa kumshtakia. Binti Farao naye hakuomba barua ya utambulisho, ikawa heri kwake, kwa sababu aliyeletwa alikuwa mama mzazi. Bahati hiyo wewe usiitegemee.

Kwa hiyo omba cheti chake cha DBS, kile cha ukaguzi wa rekodi za uhalifu, ukione kwa macho na utazame kilitolewa lini. Wapigie simu watu wawili aliowahi kuwahudumia. Usiridhike na sifa zilizoandikwa chini ya picha. Muulize bima yake. Kama mgonjwa ananyanyuliwa kwa hoisti, muulize alifundishwa wapi kuitumia, maana mgongo wake na nyonga ya mama yako vinategemea jibu hilo. Halafu mwalike kwa chai, mkae na mgonjwa mwenyewe. Dada yetu alifanya hivyo kwa watatu kati ya wale wanne. Wa kwanza aliongea vizuri sana, ila aliongea na binti muda wote, mama ameketi pale kama mto wa kochi. Wa tatu alipoingia alipiga goti, akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba. Ilikuwa miezi hajaitikia salamu.

Huyo mhudumu ni dada Mkongo wa Bukavu. Kiswahili chake si cha Same, na mama, ambaye hawezi kukumbuka kama amekwisha kunywa uji, bado anamsahihisha ngeli. Wanacheka wote wawili.

Hapa niungame. Miaka mitatu iliyopita familia moja iliniomba mhudumu, nami nikatangaza madhabahuni, mtu akapatikana siku ile ile, nikampa sifa ambazo sikuwa nimezichunguza. Hakuwa mtu mbaya. Ila Jumamosi moja aliamka na homa, simu ikazimika, na mzee wa watu akakaa kitandani hajageuzwa mpaka saa nane mchana. Wakala angetuma mtu mwingine. Aliyejiajiri ni yeye na mwili wake tu. Sikuwa nimewaambia wale wapendwa waandae mtu wa pili wa akiba, kwa sababu sikuwa nimewaza hivyo. Tangu hapo sitangazi majina madhabahuni, na anayeniomba nimtafutie mhudumu namuuliza kwanza: siku huyu akiugua, nani anakuja?

Tazameni tena maneno ya binti Farao. Ni machache mno, lakini yana kazi yenyewe, yana mwenye kazi, na yana malipo. Hakusema “tutaangaliana”. Sisi waumini ndio mabingwa wa “tutaangaliana”! Kwa kuwa ni mtu wetu, hatuandiki. Kwa kuwa tumeomba pamoja, hatutaji bei. Mwisho wa mwezi mmoja ananung’unika jikoni na mwingine anaacha kuja ibadani. Andikeni. Saa ngapi, siku zipi, kufua kumo au hakumo, taarifa ya kuacha kazi ni majuma mangapi. Kama malipo yanapitia kwenye huduma ya mtandaoni, soma mpaka chini ujue katika kila pauni unayotoa ni peni ngapi zinamfikia aliyemwogesha mama yako.

Na neno “kujiajiri” lisiwe kichaka cha kujifichia. Aliyejiajiri kweli hupanga kazi zake, ana wateja wengine, analipa kodi yake mwenyewe kabla ya tarehe 31 Januari, na akiugua au akienda likizo halipwi. Ndiyo maana bei yake kwa saa inaonekana kubwa, nanyi msimpunguzie kana kwamba mko Kariakoo. Lakini kama wewe ndiwe unayempangia kila saa, hana mteja mwingine, na haruhusiwi kutuma mtu badala yake, mamlaka ya kodi, HMRC, inaweza kusema huyo ni mwajiriwa wako, hata kama karatasi yenu inasema vinginevyo. Hapo unadaiwa mambo ya mwajiri: likizo yenye malipo, kima cha chini cha mshahara, bima, pengine na pensheni. Kwenye tovuti yao wameweka maswali ya kupimia jambo hilo. Yajibu kabla hamjaanza.

Nawageukia ninyi mnaoitafuta kazi hii, maana nusu ya usharika huu tumebeba boksi za namna hii, mimi nikiwamo kabla sijabarikiwa kuwa mchungaji. Aliye hapa kwa viza ya masomo haruhusiwi kujiajiri, hata kwa saa mbili za jioni. Aliyeletwa na mwajiri kwa viza ya kazi ya huduma amefungwa kwa mwajiri huyo, na kujisajili mtandaoni kama aliyejiajiri kunaweza kumharibia yote. Najua wapo ambao kampuni zilizowaleta zilinyang’anywa leseni ya kudhamini wageni, wakabaki wanahesabu siku. Najua pia kwamba tangu tarehe 22 Julai 2025 njia ile imefungwa kwa wahudumu wapya kutoka ng’ambo. Uchungu huo upelekeni kwa mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa. Msiupeleke kwa ndugu anayekuazima jina na akaunti yake. Anayekuazima jina anaazima na kesi.

Kuhusu fedha, kabla hamjafungua mkoba pigeni simu halmashauri ya mji wenu. Sheria ya Huduma ya mwaka 2014 inawataka wampime kila anayeonekana kuhitaji msaada, awe na fedha au asiwe nazo. Hapa England aliye na akiba ya zaidi ya pauni 23,250 kwa kawaida atajilipia, lakini huduma ikiwa ya nyumbani, nyumba anayoishi haihesabiwi katika kiwango hicho. Akistahili, anaweza kuomba apewe fedha mkononi amchague mhudumu mwenyewe. Ipo pia posho iitwayo Attendance Allowance kwa waliofikia umri wa pensheni, nayo haitazami akiba kabisa. Mama yetu alistahili posho hiyo miaka miwili kabla mtu hajamwambia. Muuguzi mstaafu, jamani.

Lakini sikuketi kuandika kwa ajili ya fomu. Nimeandika kwa sababu ya simu iliyopigwa kutoka nyumbani. Dada yetu alipompata yule Mkongo, kaka yake akapiga: “Tumesikia mama mmemkodishia mtu.” Alilitamka neno mtu namna mnavyojua linavyotamkwa. Binti akalia usiku kucha, asubuhi akaniuliza kama ametenda dhambi.

Ndani ya nyumba ya kaka huyo anayepika, anayefua na anayemwogesha baba mkwe ni msichana wa kazi. Simsemi kwa ubaya; nyumba zetu nyingi ziko hivyo. Ila inaonekana tumekubaliana kwamba msaada wa kulipwa si kitu mradi anayelipwa ni mdogo, hana chumba chake, na hesabu yake haijulikani vizuri. Ukimlipa mtu mzima, kwa saa, kwa mkataba, ndipo tunauliza upendo uko wapi.

Jokebedi, mama yake Musa, alipolipwa, je, upendo ulipungua? Maziwa yalikuwa yale yale. Mshahara ulimwezesha kufanya mchana, mlango ukiwa wazi, kazi ile ile ambayo kwa miezi mitatu aliifanya kwa kujificha, akimziba mtoto mdomo. Fedha haikuununua upendo wake, iliupa nafasi. Na Miriamu aliyekaa mbali hakuwa amemtupa ndugu yake. Alikuwa mahali ambapo angeweza kumsaidia. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikutuagiza tuwaogeshe kwa mikono yetu tu. Binti anayefanya zamu za usiku, anayekuja kumwosha mama saa kumi na mbili asubuhi akiwa hajalala, anayemfokea kwa sababu amechoka, kisha anatubu njiani kurudi, huyo hajaheshimu zaidi kuliko anayemlipa mtu aliyelala vizuri. Mimi naona amemuumiza mama, na nimemwambia.

Dhambi ipo, ila iko kwingine. Iko pale tunapompata mhudumu halafu tukaacha kuja. Binti Farao alilipa, na bado mtoto alipokua aliletwa kwake akawa mwanawe. Basi nendeni. Kaeni na mama mkono kwa mkono ilhali mtu mwingine anabadilisha mashuka. Kumbukeni pia kwamba anayemtunza mama yenu naye ni mtoto wa mtu. Huyo dada wa Bukavu ana mama yake huko, analipa jirani amchotee maji na kumpikia, na kila Jumapili anauliza kwa simu kama mama amekula.

Siku hizi binti hufika jioni akiwa mtoto tena, si muuguzi. Juzi nilimkuta anamsuka mama nywele, mama anaimba pambio nusu Kiswahili nusu Kipare. Mhudumu alikuwa anavaa koti aondoke. Binti akaacha chanuo, akachukua simu, akamlipa kabla hajafika mlangoni. Nikamuuliza kwa nini asingoje mwisho wa mwezi kama wengine. Akanitajia Kumbukumbu la Torati 24:15, mahali panapoagiza kibarua apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake unautazamia.

Nanyi mlio na deni kwa mtu wa namna hiyo, lipeni leo. Mwezi huu jua la hapa kwetu linazama kabla ya saa kumi alasiri.